Umeme Magatini: Kanuni ya Wamarekani na Maji Yetu ya Ziwani

Hotuba ya mkufunzi wa ufundi umeme kwenye semina ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi vya wavuvi, Ziwa Victoria



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie matumizi bora ya umeme katika vyama vya wavuvi. Naomba radhi kwa kuipunguza mada hiyo. Vyama vitatu miongoni mwenu vimekwisha kuvuta umeme mpaka kwenye magati yao, na vingine viwili vimekwisha kulipia nguzo. Kwa sababu hiyo nimeona afadhali nitumie muda wangu wote kwa jambo moja, nalo ni umeme unaovuja ndani ya maji. Habari za balbu zinazotumia umeme kidogo mtazisoma kwenye karatasi mlizogawiwa.

Nitaanza mbali, Marekani. Wenzetu wa huko wamelipia somo hili kwa maisha ya watoto, kisha wakaliandika katika kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Nchi hiyo ina maziwa mengi, ya asili na ya mabwawa, na wenye nyumba kando ya maziwa hayo hupenda kila mmoja awe na gati lake dogo la kufungia mashua. Gati hupelekewa umeme kwa ajili ya taa, soketi, pampu na winchi ya kuinulia mashua. Katika sehemu nyingi za vijijini umeme huo hutoka kwa vyama vya ushirika vya umeme, ambavyo vilienea baada ya sheria ya mwaka 1936 ya kupeleka umeme vijijini. Kwa hiyo kwa kiasi fulani tunazungumza juu ya wanaushirika wenzetu.

Mwaka 1999, katika jimbo la Oregon, mtoto wa miaka 8 alikuwa akiogelea karibu na gati la mashua hali amevaa jaketi okozi. Maji yalikuwa ya mto, yasiyo na chumvi. Mtoto akafa hali jaketi likimwelea, kichwa kikiwa juu ya maji. Chanzo kilikuwa mashua iliyounganishwa na umeme wa gatini, ambayo nyaya zake zilikuwa na hitilafu. Kisha, tarehe 4 Julai 2012, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wao, watoto wanne walipatwa na umeme majini katika majimbo mawili mbalimbali. Wawili walikuwa katika ziwa la Cherokee, Tennessee. Wengine wawili, ndugu wa tumbo moja wenye miaka 13 na 8, walikuwa katika ziwa la Ozarks, Missouri, kwenye gati la nyumbani. Wote wanne walikufa.

Ndugu zangu, mnajua sana habari za watu kuzama. Pengine hakuna hata mmoja kati yetu asiyewahi kusimama ufukweni akisubiri mwili. Lakini kifo hiki kina hila yake. Mwogeleaji hapigi kelele, kwa kuwa misuli ya kifua imekaza. Hapungi mkono, kwa kuwa mkono hautii. Akitolewa majini hana alama ya kuungua, na daktari akimpima huona dalili za mtu aliyezama tu. Ndiyo sababu kwa miaka mingi vifo vya namna hii viliandikwa kuwa ni vya kuzama, na hakuna aliyekwenda kutazama waya.

Yafaa sasa nieleze jinsi inavyotokea. Vijiweni tunafundishana kwamba umeme hukimbilia ardhini. Sivyo hasa. Umeme hutafuta njia ya kurudi ulikotoka, yaani kwenye transfoma, na huipita kila njia iliyo wazi, kubwa au ndogo. Waya ukichubuka ukagusa chuma cha gati, na waya wa ethi ukawa umekatika au haukuwekwa kabisa, chuma hicho chote huwa na umeme. Nguzo zake zimo majini. Basi mkondo hutoka kwenye nguzo, ukatawanyika ndani ya maji, ukitafuta udongo na hatimaye transfoma.

Hapa ndipo chumvi inapoleta tofauti. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa binadamu, hivyo sehemu kubwa ya mkondo humzunguka mwogeleaji, ukampita. (Wenzetu wa pwani wasije wakaichukua kauli hii kuwa ni ruhusa.) Maji ya ziwa hupitisha umeme kwa shida, ilhali mwili wetu, kwa ajili ya chumvi iliyomo katika damu na jasho, hupitisha kwa urahisi zaidi. Kwa mkondo uliotawanyika majini, mtu anayeogelea ni njia ya mkato.

Sasa tazameni vipimo. Miliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea. Mkondo wa miliampea 1 ukipita mwilini mtu huuhisi kama mchomo mdogo. Ukifika 10 hadi 20 misuli hukaza, na mtu hawezi tena kuiamuru. Karibu na 100 moyo hupoteza mapigo yake. Nchi kavu mtu aliyekazwa misuli anaweza kunusurika endapo mwenzake atawahi kuzima swichi. Lakini majini si lazima moyo usimame. Yatosha mikono ikatae kuogelea.

Mjumbe mmoja aliniuliza jana jioni: kwa nini breka isikate? Tukadirie, kwa hesabu tu, kwamba njia ya kupitia majini ina ukinzani wa omu 100. Umeme wetu ni wa volti 230. Gawanyeni: mkondo utakaovuja ni ampea 2 na nukta 3. Breka ya gati ni ya ampea 20. Kwake yeye hizo mbili ni kama mtu aliyewasha taa chache. Ataziacha zipite usiku na mchana mpaka bili ya umeme iwashangaze. Breka iliwekwa ili kuukinga waya usiungue, nayo hufanya kazi hiyo barabara. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliye majini. Hata ungeibadilisha ukaweka ya ampea 10, au 6, isingekata.

Kifaa kinachomkinga mtu ni kingine, nacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD. Kazi yake ni ya karani wa mizani. Hupima mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na mkondo unaorudi kwa nyutro. Maadamu hesabu zinalingana, hukaa kimya. Kinachokwenda kikizidi kinachorudi, maana yake kuna umeme uliopotea njiani, basi hukata kwa kasi, katika sehemu ndogo ya sekunde. Ile iliyoandikwa 30 hukata upungufu ukifika miliampea 30. Nanyi wanaushirika hamhitaji kufundishwa nini maana ya mzigo kupungua kati ya ghala na mnunuzi.

Nirudi kwenye kanuni ya Wamarekani. Kanuni yao ya Taifa ya Umeme ilitolewa kwanza mwaka 1897, na siku hizi hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu na chama chao cha kinga ya moto. Yenyewe si sheria mpaka jimbo au mji uipitishe. Kifungu cha 555 ndicho kinachohusu magati ya mashua. Kwa muda mrefu kifungu hicho kilisema waziwazi kwamba hakihusu gati la mtu binafsi lililo mali ya nyumba moja. Toleo la mwaka 2011 liliagiza kwamba swichi kuu inayolisha bandari ya mashua ikate umeme uvujao ukizidi miliampea 100, lakini gati la nyumbani likabaki nje. Mwaka uliofuata ndipo wale ndugu wawili wa Missouri walipokufa, tena kwenye gati la nyumbani.

Toleo la mwaka 2017 likayaingiza magati ya nyumba za watu, likateremsha kipimo kutoka 100 hadi 30, na likaagiza mabango ya kuwaonya waogeleaji kwamba huenda maji yana umeme. Likazuka lalamiko, nalo lilikuwa na ukweli ndani yake. Bandari yenye mashua hamsini ina vivujio hamsini vidogo vidogo. Kila kimoja hakina madhara makubwa, lakini vikijumlishwa vinapita 30, na bandari nzima inazimika. Toleo la mwaka 2020 likagawa ulinzi ngazi mbili: kila soketi inayolisha mashua iwe na kinga yake ya miliampea 30, na nyaya kuu zinazozilisha ziwe na kinga ya 100. Kwa namna hiyo mashua mbovu huzimika peke yake. Soketi za kawaida, za kuchomekea mashine za mkono, zina kinga kali zaidi, ya miliampea 5 hivi. Toleo la mwaka 2023 likaongeza swichi ya dharura, ambayo mtu akiwa kwenye soketi ya mashua aweze kuiona na kuifikia mara moja.

Nimelitaja lalamiko lile kwa makusudi, kwa kuwa nalisikia hapa kila ninapopita. “Fundi, kifaa chako kinakatakata. Barafu inayeyuka.” Sina haki ya kuwacheka wanaosema hivyo, na nitawaambieni kwa nini.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana, niliweka umeme kwenye gati moja la kupokelea samaki. Sitalitaja, wala chama chenyewe. Niliweka RCD kama nilivyofundishwa. Kila alfajiri, mtambo wa barafu ulipoanza, ikakata. Siku ya tatu gari la mnunuzi lilikuwa limesimama likinguruma, katibu amesimama kichwani pangu, na wavuvi wanatazama sangara wao chini ya jua linalopanda. Nikafanya jambo ambalo mafundi wengi wamelifanya na wachache hulisema. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha huku na huku, nikakiruka kifaa. Mtambo ukaanza. Nikashukuriwa, nikapewa na kitoweo.

Baada ya siku nne mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo karibu na nguzo za gati alisema kwamba maji yanauma. Mzee mmoja akamjibu kwamba ni baridi ya asubuhi. Mimi nilikuwa nimekuja kudai salio langu, nikalisikia neno lile, na tumbo likanigeuka. Nilizima swichi kuu kabla sijamwomba mtu yeyote ruhusa. Tulipowatoa watu wote majini nikawasha tena kwa muda mfupi, nikashusha ncha mbili za mita majini kwa fimbo kavu, nikiwa nimesimama juu ya mbao. Sindano ikasogea. Kebo ya mtambo ilikuwa imebanwa chini ya bamba la chuma wakati wa kufunga sakafu, ngozi yake imekatika, na waya wa ethi umeng'oka kwenye skrubu. Kile kifaa nilichokiruka hakikuwa na kasoro hata chembe. Kwa alfajiri tatu kilikuwa kikiniambia kwamba kuna umeme unaokwenda na haurudi, nami nikakiziba mdomo.

Mama yule bado yu hai. Watoto wake walikuwa wakioga pale pale kila jioni.

Basi RCD ikikata, kazi ya kwanza ni kutafuta mvujo. Chomoeni kila kitu, irudisheni juu, kisha chomekeni kimoja kimoja mpaka muone ni kipi kinachoikata. Fundi mwenye mita ya kubana waya anaweza kuubana waya wa moto na nyutro pamoja. Kama hakuna kinachovuja mita husoma sifuri, na kinachosomwa zaidi ya hapo ndicho kinachopotea. Ikionekana kwamba vifaa vyote ni vizima na mivujo yao midogo imejumlika tu, fanyeni kama kanuni ya mwaka 2020: kila mtambo upewe RCD yake ya 30. Gharama inaongezeka, sikatai. Lakini linganisheni bei ya vifaa vitatu vya namna hiyo na bei ya mtambo mmoja wa barafu.

Kuna jambo la kimo, ambalo nalo Wamarekani wameliandika na sisi tumelionja. Kwa maji yasiyo na kupwa na kujaa, kanuni yao kwa miaka mingi imechora mstari milimita 606 juu ya kiwango cha juu ambacho maji hufika kwa kawaida. Chini ya mstari huo soketi na transfoma hazikubaliwi. Kwenye gati la kuelea mstari hupanda na kushuka pamoja nalo, milimita 762 juu ya maji, na maungio ya nyaya yasikaribie sakafu kwa chini ya milimita 305. Tunaokaa kando ya ziwa hili tunajua ugumu ulipo: kiwango cha juu ni kipi? Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Waliofunga soketi zao kwa kutazama ukingo wa miaka iliyotangulia waliziona zikioga. Kwa hiyo fundi akija, msimwonyeshe maji yalipo leo. Mwonyesheni alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika kwenye ukuta wa ghala, na apime kuanzia hapo.

Kuhusu waya wa ethi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila fundi mwenye leseni ya EWURA anapaswa kuujua. Uwe wa shaba, uwe na ngozi yake ya kijani au ya kijani na njano, na uende pamoja na nyaya nyingine mpaka kwenye boksi kuu. Fimbo ya ethi iliyochomekwa ufukweni peke yake haitoshi. Vyuma vyote vya gati, ngazi, nguzo na reli, vifungwe pamoja na waya huo. Gati la kuelea lipewe kebo laini ya mpira mgumu iliyotengenezwa kwa maji na jua, kwa kuwa waya wa nyumbani ukikunjwakunjwa na mawimbi hukatika ndani pasipo kuonekana. Na zile ekstensheni ninazoziona zimelazwa juu ya mbao kuchajia betri za taa za dagaa, tafadhali ziondoeni leo hii. Betri zichajiwe ndani ya ghala.

Mtu akipatwa majini, msimfuate. Narudia, kwa sababu silaha yetu ya kwanza wavuvi ni kujitosa. Mwokoaji anayeruka huingia katika umeme ule ule, na ndivyo ajali ya mtu mmoja inavyokuwa ya watatu. Zimeni swichi kuu kwanza. Mtupieni kamba kavu, boya, dumu tupu. Kama bado anaweza kusikia, mpigieni kelele arudi nyuma, ajitenge na gati, asishike ngazi ya chuma. Akitoka nje bila pumzi, mpulizieni na kumkandamiza kifua bila kungoja gari. Kila mtoto wa kijiji aijue swichi kuu ilipo, na boksi lake lisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwa katibu aliyekwenda mjini. Nimeona makatibu wawili wanacheka. Bila shaka tunaelewana.

Pendekezo langu kwa mkutano huu ni moja, nami nimemkabidhi Ndugu Mwenyekiti kwa maandishi. Chama Kikuu kinunue RCD kwa magati yote matano kwa fedha za pamoja, zikatwe kidogo kidogo kwenye ushuru wa samaki, na gati lisilo na kifaa hicho lisiwashwe. Najua chama kimoja kimekwisha kutangaza siku ya kuwasha taa na kualika wageni. Najua pia kwamba vijana wa kijiji hicho hupiga mbizi chini ya gati kufungua nyavu zilizonasa. Itakuwa aibu ndogo kuwaandikia wageni barua ya kuahirisha.

Gati likiisha kufungwa, RCD ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi, na karani aandike tarehe katika daftari lile lile la mizani. Kikibonyezwa na umeme usikatike, gati lizimwe siku hiyo hiyo mpaka kifaa kibadilishwe. Na kwa kuwa hata kifaa kizima huweza kuharibika katikati ya mwezi, kuoga na kuogelea kuhamishiwe mbali na magati, hata pale penye RCD mpya.

Nitakuwa hapa na mita yangu mpaka kesho saa kumi jioni. Makatibu wa vyama vile vitatu ambavyo umeme wao unawaka sasa hivi naomba wanione kabla ya chakula cha mchana, waje na funguo za maboksi. Gati lililo karibu ni mwendo wa robo saa kwa pikipiki, na ningependa tulipime kabla watoto hawajatoka shule.